Sukari humshuka usiku wa manane, mavyaa asema ni jini

SWALI

Assalamu alaikum, Mshauri.

Mume wangu ni nahodha wa mashua, tunakaa Langoni, Lamu. Ana miaka 52 na kisukari amekuwa nacho zaidi ya miaka kumi. Mwanzo alikuwa wa vidonge tu, kisha daktari akamwandikia sindano ya insulini iliyochanganywa, ile ya 30/70: yuniti 30 saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na 18 saa moja usiku, baada ya Maghribi.

Kinachonitisha ni usiku. Ikikaribia saa tisa namkuta shuka limelowa, mwili baridi, macho yako wazi lakini hanijui. Husema maneno hayana kichwa wala miguu, nikimshika hunisukuma, naye si mtu wa kuninyanyulia mkono. Asubuhi hakumbuki lolote. Mara ya mwisho hakuitika kabisa. Jirani akaja akamtia asali kinywani kwa kijiko, akapaliwa mpaka tukadhani anatutoka. Alipozinduka tukampa chupa nzima ya soda, tende, na halwa iliyokuwako. Asubuhi mashine ikasoma 17. Yeye akaona sukari imepanda, akajiongezea sindano ya usiku kutoka 18 mpaka 24. Tangu hapo mambo yamezidi.

Mavyaa asema ni jini wa baharini, ataka asomewe na anyweshwe kombe. Sitaki kumvunjia heshima, ni mama yangu pia.

Mchana nako hakumwachi. Kwenye saa tano, akiwa njiani baina ya Lamu na Mokowe au anapakia mizigo, mikono humtetemeka na huona vitu viwili viwili. Mabaharia humpa halwa, nayo hukawia kumrudisha. Kubeba kitu mfukoni hataki, asema watu watamwona mgonjwa. Na bado anameza vidonge vidogo vyeupe vya sukari alivyovizoea zamani, huvinunua mwenyewe duka la dawa bila cheti. Asubuhi hunywa kahawa na hamri moja, basi. Ramadhani haiko mbali, naye keshaweka nia ya kufunga.

Nifanye nini usiku ule? Na kwa nini sukari ishuke kwa mtu anayekula?

Mama Watoto, Langoni

JIBU

Waalaikum salaam, dada. Kuna mawili ya kufanywa leo hii, yasingoje siku ya kliniki.

La kwanza, sindano ya usiku irudi yuniti 18 alizoandikiwa. Zile sita za ziada ziliongezwa kwa ajili ya 17 ya asubuhi, na 17 ile haikuja kwa sababu insulini ilikuwa chache. Ilikuja na soda, tende na halwa za saa tisa usiku. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na kitu. Tende saba ndogo zina kama 35. Halwa weka juu yake. Mwili ulihitaji gramu 15, pengine 20. Ndivyo watu wengi wanavyonaswa: mtu anashuka, analishwa kupita kiasi kwa hofu, anaamka juu, anajiongezea dawa, na usiku unaofuata anashuka zaidi. Kipimo cha asubuhi iliyofuata usiku wa namna hiyo hakifai kutumiwa kupandisha dawa.

La pili, itazame pakiti ya vile vidonge vyeupe. Jina likianza na herufi g-l-i, asimeze kingine mpaka azungumze na kliniki. Glibenklamidi imeenea sana madukani, na wenzake ni gliklazidi na glimepiridi. Dawa hizi huisukuma kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hakula, na glibenklamidi huweza kufanya kazi hadi saa 24. Ukiiweka juu ya 30/70, ni kama kuna sindano ya tatu ambayo haikuandikwa popote. Ina ubaya mwingine: sukari iliyoshushwa na vidonge hivi huweza kupanda ukimpa kitu kitamu, kisha ikashuka tena baada ya saa kadhaa. Ndiyo sababu hospitali humlaza mtu wa namna hii na kumpima usiku kucha hata akisema yu mzima. Vidonge vikiwa ni metformini, hiyo aendelee nayo, peke yake haishushi sukari kiasi hicho.

Sasa swali lako la kwa nini. Sukari ya mtu wa insulini haishuki ovyo, ina saa zake, na ukizijua saa hizo utajua ni sindano gani ya kulaumiwa. Katika ile chupa ya 30/70 mna dawa mbili. Asilimia 30 ni ya haraka: huanza kazi baada ya nusu saa na hufikia kilele kati ya saa mbili na nne tangu kuchoma. Asilimia 70 ni ya polepole, ile inayoipa dawa rangi ya maziwa: kilele chake huja kati ya saa nne na kumi tangu kuchoma. Akichoma saa moja usiku, dawa ya polepole ina nguvu kuliko wakati wote kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao hana chakula tumboni. Saa tisa imo humo humo. Akichoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikifika saa tano ile ya haraka bado ina mkia na ile ya polepole inapanda. Hizo dawa mbili zinakutana juu ya kikombe cha kahawa na hamri moja. Kula anakula, lakini si saa ambayo dawa inataka chakula.

Ongeza kazi yake. Kupandisha foramali, kupiga pondo na kubeba magunia hutumia sukari wakati ule ule, na misuli huendelea kuivuta kutoka kwenye damu kwa saa nyingi baadaye, hata 24, ili kujaza akiba iliyotumika. Siku ya mizigo mizito huleta usiku mbaya. Hebu angalia kama usiku zile hazikufuata siku za kazi ngumu. Siku kama hiyo chakula cha usiku kiongezwe, na aulize kliniki apunguze yuniti ngapi za sindano ya usiku.

Tuje kwa jini, kwa heshima zote kwa mavyaa. Ubongo hula sukari, na akiba yake ni ndogo mno. Kipimo kikishuka chini ya 3, kinachoanza kuzimika ni busara: mtu huwa mkaidi, mwenye hasira, husema yasiyoeleweka, hukataa msaada, na baadaye hakumbuki. Kwa macho hilo halitofautiki na mtu aliyepandwa. Usibishane na mavyaa kuhusu majini, mwombe jambo moja tu: apimwe kwanza, kisha asomewe. Mashine hutoa jibu kwa sekunde chache na haimzuii mtu kusoma. Ikionyesha chini ya 4, apewe sukari, na kisomo kiendelee huku mkisubiri. (Jini anayeondoka kwa vijiko vinne vya sukari hana haja ya kuitiwa mtu.) Lakini kombe, kama maji mengine yoyote, lisimguse kinywani akiwa hawezi kumeza.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote ulizoandika. Ile asali aliyotiwa akiwa haitiki ingeweza kuingia mapafuni. Kabla ya kumpa chochote, mwite kwa jina na umwambie ameze mate. Akikuitikia na akameza, mpe. Asipoitika, au akiwa na degedege, usimtie kitu kinywani: si asali, si soda, si sukari ya kusuguliwa. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asiviringike, kichwa kiinamishwe kidogo nyuma, mate na matapishi yatoke nje. Usimshikilie kwa nguvu. Tuma mtu atafute mkokoteni au punda, na apelekwe hospitali ya King Fahd papo hapo. Kutoka Langoni hamko mbali, na kule wana dekstrozi, yaani maji ya sukari ya kumtia mshipani. Mtaje kwa maneno haya mara tu mnapofika mlangoni: "Anachoma insulini, sukari imeshuka." Mtu aliyezirai akipimwa sukari kwanza, muda mwingi huokolewa.

Kuna pia sindano iitwayo glukagoni, ambayo mtu wa nyumbani aliyefundishwa anaweza kuidunga kwenye msuli wa paja. Mtu mzima hupewa miligramu 1. Huliamsha ini litoe sukari yake, na mtu huzinduka baada ya dakika 10 au 15, mara nyingi akitapika, kwa hiyo abaki amelala ubavu. Si rahisi kuipata madukani, lakini iulizie kliniki, hasa kwa siku anazolala Kizingitini au Faza. Hospitali ya Faza ndiyo ya karibu kwa upande wa Pate, na safari ya usiku kurudi Lamu, maji yakiwa kupwa, si ya kuitegemea. Mtu aliyekaa na njaa siku nzima, au aliyekunywa pombe, glukagoni haimsaidii sana, kwa sababu ini halina cha kutoa.

Akiwa anaitika na anameza, kipimo ni hiki. Chini ya 4 kwenye mashine zetu (70 kwa zile zinazosoma miligramu) ni sukari iliyoshuka, iwe anatetemeka au hatetemeki. Mpe gramu 15 za sukari ya haraka. Hizo ni vijiko vinne vidogo vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu, vikorogwe katika nusu glasi ya maji. Au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Ikiwa mashine imesoma chini ya 3, anza na vijiko vitano. Tazama saa. Baada ya dakika 15 mpime tena, ikiwa bado ni chini ya 4 rudia kipimo kile kile. Gramu 15 hupandisha sukari kwa kama 2, si mara moja bali baada ya dakika hizo 15 hadi 20. Huo ndio muda mgumu kwenu, kwa sababu yeye bado anatetemeka na njaa inamtafuna, na nyinyi mkono unakwenda kwenye bakuli la tende. Zuieni mkono. Mkirudia mara tatu na bado iko chini, nendeni hospitali.

Ikishavuka 4, na chakula kingine kiko mbali kwa zaidi ya saa moja, ale kitu cha wanga cha kukaa tumboni: slesi moja ya mkate na yai, kipande cha mkate wa mofa na maziwa, au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hapo ndipo penye nafasi ya tende mbili, baada ya hatari kupita.

Halwa iwekeni mbali na kazi hii. Sukari imo nyingi, lakini imo ndani ya samli na wanga uliopikwa mpaka ukavutika, na mafuta hulichelewesha tumbo kuipitisha chini inakofyonzwa. Ndiyo maana mabaharia huona "haimrudishi", wakamwongeza kipande, kisha kingine, na jioni mashine inasoma juu. Chokoleti, mahamri na kashata zina kasoro hiyo hiyo. Tende hufanya kazi kama hakuna kingine, tatu ndogo zinatosha, ila zinataka kutafunwa, na mtu aliyechanganyikiwa hatafuni vizuri. Dafu si la kutegemea: sukari yake hubadilika na umri wa dafu lenyewe, na mara nyingi lote zima halifiki gramu 15. Juisi ya ukwaju inategemea mkono wa aliyeikoroga.

Kuhusu chomboni, tuseme wazi. Nahodha anayeona viwili viwili akiwa na abiria ni hatari kwa watu wote waliomo. Sheria yake iwe hii: apime kabla ya kung'oa nanga. Ikiwa ni 5 au chini, ale kwanza, apime tena. Ikishuka safarini, usukani apewe mwingine mara moja, na asiushike tena mpaka dakika 45 zipite tangu kipimo kirudi juu ya 5, kwa sababu macho na mikono hurudi mapema kuliko akili ya kuamua. Chomboni kuwe na mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kuzungusha, ndani yake vifuko vya plastiki vilivyofungwa, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, na chupa ya maji pembeni. Soda ya kawaida moja iwekwe na isinywewe na mtu mwingine. Baharia mmoja angalau ajue kifuko kiko wapi na ajue kumwambia ameze mate kwanza. Kama aibu ya watu ndiyo inamzuia, kifuko cha sukari katika mfuko wa shati hakionekani, lakini mtu aliyezirai sitahani huonwa na gati nzima.

Saa nne asubuhi ale kitu, njaa imshike isimshike: ndizi moja, au slesi mbili za mkate na yai. Na asubuhi yenyewe, hamri moja na kahawa chungu ni kidogo mno kwa yuniti 30. Mahamri mawili na mbaazi ndio mlo wa kuifaa sindano ile, tena aanze kula ndani ya nusu saa tangu achome.

Usiku, kabla ya kulala, apime. Chini ya 6 asilale mpaka ale, kwa mfano maziwa na mkate. Kwa wiki mbili hizi weka saa ikuamshe saa tisa, umpime. Akiwa usingizini, dalili ni shuka kulowa, ndoto za kutisha, kukoroma kusiko kwa kawaida yake, na asubuhi kuamka kichwa kinamgonga. Mtu ambaye sukari imemshuka mara nyingi hupoteza zile dalili za mwanzo, kutetemeka na moyo kwenda mbio, kwa sababu mwili huzoea na hauitoi tena ile homoni ya kushtuka. Ndiyo maana yeye haamki, waamka wewe. Dalili hizo huweza kurudi akikaa wiki kadhaa bila kushuka hata mara moja, na kwa wiki hizo ni afadhali vipimo vyake viwe kati ya 6 na 10 kuliko kufukuzia 5. Kama anameza pia dawa ya presha, angalia jina: atenololi na propranololi huficha kutetemeka na mapigo ya moyo, jasho peke yake ndilo hubaki.

Sindano yenyewe nayo ichunguzwe. Dawa yenye rangi ya maziwa hutuama. Asipoichanganya, leo anachoma maji yenye dawa kidogo, wiki ijayo chini ya chupa anachoma masimbi yenye nguvu. Aiviringishe baina ya viganja mara kumi, aipindue juu chini mara kumi, bila kuitikisa ikatoa povu. Bomba la sindano liwe limeandikwa 100 kama ilivyo chupa: bomba la 40 likitumika kwa dawa ya 100, kila mstari unabeba mara mbili na nusu ya anachodhani. Apapase tumbo. Mahali penye uvimbe laini au pagumu kwa kuchomwa pale pale kila siku, dawa huingia leo na kesho isiingie. Akiuacha uvimbe na kuchoma ngozi mpya, yuniti zile zile zitashuka na nguvu zaidi, kwa hiyo siku za mwanzo apime mara nyingi na kliniki ijue. Siku za kazi asichome paja wala mkono, kwani msuli unaofanya kazi huiharakisha dawa, na jua la kaskazi pia. Achome tumbo, vidole viwili mbali na kitovu, akihama mahali kila mara.

Jua lina mtego mwingine ambao watu hawaufikirii. Insulini iliyoachwa chomboni ikapata moto hudhoofika, sukari hupanda, mtu hupandisha yuniti. Kisha hufunguliwa chupa mpya yenye nguvu zake zote, na kwa yuniti zile zilizopandishwa mtu huanguka. Kila anapofungua chupa mpya apime zaidi kwa siku mbili tatu. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae frijini bila kuganda, na inayotumika ikae ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa zaidi, mchanga mbichi katikati, mahali pa kivuli penye upepo. Baada ya wiki nne itupwe hata kama imebaki. Chomboni aifunge kwa kitambaa, isigusane na barafu.

Na kupima kwenyewe: mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe. Kidole kilichoshika tende husoma juu hali damu iko chini, na hilo limewadanganya wengi. Stripu zisiachwe wazi kwenye unyevu wa bahari. Kama stripu zimekwisha na dalili zipo, mpe sukari, usingoje kipimo.

Ramadhani. Mtu ambaye miezi ya karibuni ameshuka mpaka akapoteza fahamu yumo katika kundi ambalo madaktari wa kisukari huliambia lisifunge, na aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa yake. Kwa mwaka huu jibu letu ni asifunge, na azungumze na sheikh wake akiwa na daftari la vipimo mkononi. Akikaidi, basi asifunge bila mpango wa daktari. Kwa dawa ya kuchanganywa mara mbili kwa siku, mpango wa kawaida ni ile sindano kubwa ya asubuhi kuhamia kwenye futari, na ile ya usiku kuchomwa wakati wa daku ikiwa imepunguzwa kwa robo mpaka nusu. Daku iliwe mwisho wa muda wake. Kuchoma kidole kupima hakuvunji saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, kwa hiyo apime mchana, hasa alasiri. Chini ya 3.9 afungue saa hiyo hiyo, hata kama adhana imebakia dakika kumi, na juu ya 16.6 pia afungue.

Kliniki nendeni wiki hii, msingoje tarehe ya kadi. Bebeni daftari lenye saa ya kila kipimo, saa ya kila sindano, alichokula na kazi aliyofanya siku hiyo, pamoja na chupa ya insulini, bomba, na pakiti za dawa zote hata zile za kununua mwenyewe. Ulizeni mambo matatu. Moja, kama 18 za usiku zipunguzwe kwa asilimia 10 hadi 20, yaani ziwe 15 au 16, kwa kuwa alikuwa akishuka hata kabla hajajiongezea. Pili, kama sindano ya usiku inaweza kugawanywa: ya haraka abaki nayo wakati wa chakula, na ya polepole achome anapokwenda kulala, ili kilele chake kisogee alfajiri karibu na chai. Tatu, ombeni apimwe figo, kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Figo ndizo huondoa sehemu ya insulini mwilini, na zinapochoka, yuniti zile zile alizozoea hudumu zaidi ndani ya damu. Kwa mtu mwenye kisukari cha miaka kumi, sukari inayoanza kushuka mara kwa mara bila yeye kupunguza chakula huweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza.